Kufananisha kwa Kiingereza

Walimu na wazazi wapendwa, mtoto aulizwapo katika mtihani amalizie maneno haya, "as poor as a church …", naye akaandika "rat", hukosa alama, ingawa amefikiri vema. Maana kwetu panya ni panya tu, bali Waingereza humwita mdogo "mouse" na mkubwa "rat", na msemo wao wa umaskini ni wa yule mdogo, akaaye kanisani pasipo ghala wala jiko. Desturi imekwisha kuufunga, haubadiliki. Tena sifa iliyo kati ya "as" mbili haizidishwi: ni "as brave as a lion", wala si "braver". Basi msiwakaririshe watoto orodha tupu. Waelezeni na maana ya kila mfano, wapate kuukumbuka siku ya mtihani.