Neno la Mhariri: Safari za Mwewe na Msitu wa Nyabiondo

Utafiti wa safari ndefu za ndege mbuai, yaani tai, mwewe, kozi na jamaa zao waishio kwa kuwinda, umesonga mbele sana tangu miaka ya 1980, lakini umesonga kwa upande mmoja tu. Siku ambayo mwewe aliyeanguliwa Finland anavuka Sahara hujulikana barabara, ilhali ni machache yanayojulikana kuhusu chakula chake, mti anaolala na sababu ya kifo chake akishafika katika misitu ya Kongo. Toleo hili linashikilia kwamba pengo hilo halitazibwa na vifaa peke yake, na kwamba Nyabiondo, mji mdogo wa teritwari ya Masisi ulio kwenye njia ya kuelekea Walikale, unastahili kuwa mahali pa kuzalishia elimu inayokosekana.

Mnamo 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba, na kwa miongo mingi njia hiyo ilionyesha mambo mawili tu: ndege alikovishwa pete na alikookotwa. Baadaye ukaja mfumo wa Argos, ulioanzishwa 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani, ambao hupokea kwa setilaiti ishara za kifaa alichofungwa mnyama na kukadiria alipo. Vifaa vya sasa, ambavyo kwa desturi ya watafiti havipaswi kuzidi takriban asilimia 3 ya uzito wa ndege, huchajiwa kwa jua, hupima mahali kwa GPS, na vingi hutuma taarifa kupitia mitandao ya simu. Hapo ndipo msitu wa Kongo unapoleta ugumu wa pekee, kwa sababu pasipo na mnara wa simu kifaa hulazimika kuhifadhi taarifa hadi ndege afike penye mtandao, na ndege akifia chini ya miti mirefu, sehemu muhimu kuliko zote ya habari zake yaweza kupotea pamoja naye.

Anayeonyesha jambo hili vizuri zaidi ni mwewe mla nyigu, ambaye wanasayansi humwita Pernis apivorus na ambaye chakula chake kikuu ni mabuu ya nyigu anayoyafukua kwenye viota vyao. Kama mbuai wengi wa mabawa mapana, husafiri kwa kuelea juu ya mikondo ya hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa mikondo hiyo ni hafifu juu ya bahari, makundi makubwa hupita kwenye njia chache za nchi kavu, kama Batumi huko Georgia, ambako zaidi ya mbuai milioni moja huhesabiwa katika msimu mmoja. Uchunguzi wa makinda wa Finland uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba upepo wanaokutana nao katika safari ya kwanza, wanayoifanya bila kuongozwa na wazazi, huchangia sana kuamua wataishia upande gani wa Afrika. Kinda hubaki Afrika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kurudi kaskazini kwa mara ya kwanza, na hata mkubwa huishi huku zaidi ya nusu ya mwaka. Kumwita ndege wa Ulaya anayekuja kutembea tu si haki.

Makao hayo yako hatarini. Nyanda za juu za Masisi zimepoteza sehemu kubwa ya msitu wake kwa malisho, mashamba na makaa, na vita vilivyoanzia soko la Ntoto huko Walikale mwaka 1993 vimewafukuza watu makwao mara nyingi, wakalazimika kukata miti popote walipokimbilia. Ni lazima isemwe wazi kwamba uhai wa watu hao unatangulia hesabu ya ndege yoyote. Hata hivyo, mkulima na mrina asali wa Nyabiondo wanaijua misimu ya nyigu na miti yenye viota kuliko setilaiti yoyote, na elimu yao haijaandikwa.

Kwamba wanakijiji wanaweza kubadili mwenendo wa jambo kama hili kulidhihirika Nagaland, India. Mwaka 2012 kozi wa Amur, ambao baadaye huvuka bahari hadi Afrika Mashariki na Kusini, waliuawa huko kwa makumi ya maelfu; mwaka uliofuata wenyeji waliacha mauaji hayo, na mmoja wa kozi watatu waliofungwa vifaa akapewa jina la kijiji chao, Pangti. Kongo nayo ina msingi wa kisheria wa kuanzia, kwani agizo la serikali la Agosti 2014 linaruhusu jamii kukabidhiwa misitu yao ya kimila. Kamati za misitu hiyo zingeweza, kwa gharama ya daftari na darubini chache, kuandika siku, saa na uelekeo wa mbuai wapitao kila Septemba na Oktoba, na tena Machi na Aprili. Nao watafiti wa Ulaya wanaomiliki taarifa za vifaa wanapaswa kuzirudisha Nyabiondo, kwa Kiswahili, kabla ya kuomba daftari la pili.