Daftari la Wiki: Waharibu Raha na Majina Yao

Kiswahili hakitoshelezwi na jina moja la mtu anayeharibu raha za wenzake. Kinayo kadhaa, na kila moja linaeleza namna ya kuharibu: kwa mkosi, kwa ukali au kwa maneno.

Kisirani. Neno hili lina undugu na *hasara*, na yote mawili yana asili ya Kiarabu. Kwanza ni mkosi, nuksi: siku inaweza kuanza na kisirani. Mtu mwenye kisirani huenda hana nia mbaya. Amenuna tu harusini, amesusa pilau, au ameanzisha ubishi watu wakiwa tayari kwa safari. Kosa lake ni kwamba kununa kwake kunaambukiza.

Mnoko. Hili ni la mitaani Tanzania, na limezoeleka shuleni na kazini. Mnoko hushikilia sheria pale ambapo wengine wangefumba macho: kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele, msimamizi anayehesabu dakika za chai. Tabia yenyewe ni unoko. Mara nyingi neno hutangulia tendo, kwani "usiwe mnoko" ni ombi la kulegezewa, na anayeambiwa hivyo bado ana nafasi ya kujirekebisha.

Kidudumtu. Huyu ni mchongezi na mfitini. Hupita katikati ya watu waliopatana, akampelekea huyu maneno ya yule, hadi shughuli ivunjike. Hapa nia ipo. Ndiyo maana mwenye kisirani huepukwa na mnoko hulalamikiwa, lakini kidudumtu huogopwa.

Kitumbua kuingia mchanga. Msemo huu hukaa jirani na majina hayo, ila hauhusu starehe. Anayetia mchanga kitumbua cha mwenzake ameharibu riziki au neema yake: kazi, uchumba, biashara. Aliyekataa kucheza ngoma hahusiki nao.

Kwa jirani. Lugha kadhaa za Ulaya huunda jina la mharibu raha kwa kuunganisha kitendo na kinachoharibiwa. Mfaransa humwita *rabat-joie*, mshusha furaha. Mhispania husema *aguafiestas*, mtia maji sherehe, na Mjerumani *Spielverderber*, mharibu mchezo. Majina hayo hutaja kilichoharibika. Ya Kiswahili hutaja zaidi tabia ya mharibifu.

Mwizi wa kete na mvunja mchezo. Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake *Homo Ludens* cha 1938, alitofautisha mchezaji mdanganyifu na mharibu mchezo. Mdanganyifu hujifanya anafuata kanuni, kwa hiyo bado anaukubali mchezo. Mharibu mchezo huukataa wenyewe, na akiukataa, ulimwengu wa wachezaji unabomoka. Kwenye bao, anayeiba kete hukemewa na mchezo ukaendelea. Anayesema kwamba hizo ni mbegu tu na vishimo, akainuka, ndiye asiyealikwa tena. Huizinga aliona kuwa jamii huwa kali zaidi kwa huyu wa pili.

Jina kama silaha. Majina haya hutolewa na wengi kwa mmoja, na hapo ndipo yanapotumika vibaya. Abiria anayemtaka dereva apunguze mwendo huweza kuitwa mnoko na wenzake wanaowahi nyumbani. Mwanazuoni Sara Ahmed, katika kitabu chake *The Promise of Happiness* cha 2010, alieleza hali hiyo kwa upande wa wanawake: anayelalamikia mzaha wa kudhalilisha ndiye hulaumiwa kwa kuharibu furaha, huku aliyeutoa akiachwa. Ahmed akalichukua jina hilo la lawama, mharibu furaha, na kulifanya la kujivunia.

Kwa hiyo mtu kuitwa mnoko au kisirani si ushahidi kwamba amekosea. Ni ushahidi tu kwamba wenzake walikuwa wakifurahia jambo ambalo yeye hakulikubali. Aliye na haki hujulikana kwa kuuliza raha hiyo ilikuwa ikimgharimu nani.