Kiwanja cha Kuazima

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu iambatane na kazi na kujitegemea. Fundisho hilo linahusu kompyuta pia.

Tarehe 31 Desemba 2020, kampuni ya Adobe ya Marekani iliacha kuihudumia programu yake ya Flash. Masomo mengi yaliyotungwa juu ya msingi huo hayakufunguka tena. Watunzi hawakukosea kazi. Kiwanja hakikuwa chao.

Mkulima wa Butiama hapandi michungwa katika shamba la kuazima. Hupanda mahindi, akavuna, akaondoka na chakula chake. Vivyo hivyo mwalimu wa Bunda anayehifadhi alama za wanafunzi, na karani wa Musoma mwenye majalada ya wananchi, waitumie programu ya kampuni ya ng'ambo inapobidi. Lakini ni wajibu wao kuweka nakala inayofunguka bila kampuni hiyo, na wakuu wao hawana budi kudai haki hiyo katika mkataba kabla ya kutia sahihi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na kampuni si ndugu.