Wazee wa makazi nao wapigiwe simu ya video



Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitaka mzee atunzwe na familia, makazi ya wazee yawe suluhisho la mwisho. Sawa. Ila waliokwisha kufika huko, nani anawajulia hali?

Bibi mmoja wa Kibosho, anayeishi katika makazi hapa Moshi, ana kitochi kisicho na vocha. Mhudumu alipompigia mjukuu wa bibi huyo kwa WhatsApp, kwa bando la mfukoni mwake, bibi alioneshwa kihamba, shamba la migomba la familia. Hakulia, aligomba: "Migomba hiyo mbona haijapunguzwa majani?" Kesho yake alikuwa bado anasimulia.

Ustawi wa Jamii watujibu: simu janja moja na bando kwa kila makazi, kuna ugumu gani? Na ninyi mnaorudi Uchagani kila Desemba, mnapiga lini?

Msomaji, Moshi