Fundi mitambo naye atajwe

Wadau, Beatles kila mtu anawajua. Geoff Emerick je?

Huyu Mwingereza alianza kazi studio za EMI, London, mwaka 1962 kama msaidizi tu. Aprili 1966, akiwa na miaka 20, akakabidhiwa mitambo ya albamu ya Revolver. Siku ya kwanza tu John Lennon anataka sauti yake isikike kama Dalai Lama anayeimba juu ya mlima! Ungefanyaje? Emerick akaipitisha sauti kwenye spika inayozunguka, ile ya kinanda cha Hammond. Kwa Ringo akasokomeza sweta ndani ya dramu kubwa, akaisogeza maikrofoni karibu kuliko kanuni za EMI zilivyoruhusu. Ule mdundo mzito ukazaliwa hapo.

Sasa mtu aniambie huyo ni mbonyeza vitufe. Mimi nasema ni mtunzi kama wenzake.

Mwaka 1968 aliacha kazi katikati ya albamu, kachoshwa na ugomvi wa mastaa (na mimi ningeondoka). Baadaye akarudi kurekodi Abbey Road, na mwaka 1973 akaenda na Paul McCartney hadi Lagos kurekodi Band on the Run. Zote mbili zilimpa Grammy. Alifariki Oktoba 2018.

Hapa Bongo prodyuza hujitaja mwenyewe mwanzoni mwa wimbo, safi sana. Lakini aliyekesha akichanganya sauti? Hebu kagueni CD zenu za Bongo Flava, mniambie ngapi zina jina lake.