Kituo Kipya cha Chai Kiwe na Mahali pa Kukaa

Wazee wetu, akina mama na vijana wa Sotik,

Picha mlizotuma kwenye kundi la WhatsApp nimeziona hapa Minneapolis. Kituo chetu cha kununulia chai kitabomolewa, na kamati inachangisha ili kijengwe kipya, cha mawe, chenye mlango wa chuma. Mchango wangu nitatoa. Ila kabla fundi hajachimba msingi, nina swali moja ambalo ramani ya jengo jipya haijalijibu: watu watakaa wapi?

Ramani nimeitazama kwa makini. Kuna nafasi ya mizani, meza za kumwagia majani, dirisha la karani na njia ya lori. Vyote vinahitajika. Lakini benchi hakuna hata moja, wala paa la kumkinga aliye nje ya mlango. Jengo limepangwa ili majani yapite upesi na mtu akishapimiwa aende zake.

Nyinyi mnajua kituo kinafanya kazi gani zaidi ya hiyo. Shirika la chai la KTDA lilianzishwa mwaka 1964 kuwahudumia wakulima wadogo, na tangu hapo vituo hivi vimekuwa mahali tunapokutana karibu kila siku ya kuchuma. Lori la kiwanda likichelewa, mama anamwaga majani mezani, anatoa yaliyokomaa na kubakiza majani mawili na chipukizi, na mikono ikiendelea na kazi, habari nazo zinatembea: nani amelazwa Kaplong, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo, bonasi ya mwaka huu itakuwa ngapi. Hapo ndipo watu hupatanishwa, na hapo ndipo hupangwa nani aingie kwenye kamati.

Lakini tazameni pia nani hukaa na nani husimama. Wazee wana viti vyao kwenye varanda za maduka. Mama aliyeanza kuchuma alfajiri, mtoto mgongoni, anangoja lori akiwa wima. Akishapimiwa anakimbilia nyumbani, maana hana pa kupumzikia, na mazungumzo ya maana yanabaki kwa waliopata kiti. Kukosa benchi kunamchosha miguu, na kunamnyima pia nafasi ya kusema.

Huku nafanya kazi ya kutunza wazee. Katika nyumba niliyoajiriwa zamani, viti vya ukumbini vilipangwa kandokando ya kuta, vyote vikitazama televisheni. Ili umwone aliye kando yako ilibidi ugeuze shingo, na shingo ya mtu wa miaka 85 haigeuki kwa urahisi. Jioni moja tulisogeza viti vinne kuzunguka meza ndogo, tukaweka karata. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida alituambia “ahsante” tu, akaanza kumsimulia mwenzake jinsi baba yake alivyokuwa akilima mahindi, na wakaendelea hadi saa ya kulala.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Robert Sommer alifanya kazi katika hospitali moja mkoani Saskatchewan, Kanada, kwenye wodi ya akina mama wazee. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani kwa safu, na wagonjwa walikaa bega kwa bega pasipo kusemezana. Meza zilipoletwa na viti vikazizunguka, baada ya wiki chache mazungumzo yalikaribia kuongezeka mara mbili. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mpangilio. Wazee wa Kipsigis hawakuhitaji utafiti kulijua hilo: kokwet, yaani baraza la kijiji, ilipoketi chini ya mti, watu walitazamana, na mpita njia aliweza kusimama akasikiliza.

Mji huu ninaoishi unanionyesha upande wa pili. Kwa sababu ya baridi kali, tangu mwaka 1962 Minneapolis imejenga vijia vya vioo vinavyopita juu ya barabara na kuunganisha majengo kwenye ghorofa ya pili. Leo mtandao huo una urefu wa takriban kilomita 15. Mtu anatoka kwenye gari, anafika ofisini, anakula na kurudi bila kukanyaga barabara. Ni raha kubwa wakati wa theluji. Lakini maduka yamepanda juu pamoja na watu, na huko chini unaweza kutembea mtaa mzima mchana bila kupata wa kumsalimu. Hakuna aliyekusudia hivyo. Walijenga dhidi ya baridi, wasiulize watu watakutana wapi.

Naona jambo kama hilo likija Sotik, na mara nyingi kwa fedha tunazotuma sisi. Nyumba mpya zinazungushiwa ukuta mrefu na geti linalofungwa mchana kutwa. Wizi upo, siwalaumu wanaojilinda. Lakini jirani aliyekuwa akipita kuomba chumvi sasa anapiga simu kwanza, na kesho hatapiga. Kwenye ploti yangu nimemwambia fundi apande ua wa kayaba wa kimo cha kifua, na varanda itazame njia.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kulijali hili. Nendeni Chebilat siku ya soko, pale mpakani na Borabu, ambapo Wakipsigis na Wakisii wanauziana. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yalifika huko, na tunajua yalituumiza kiasi gani. Benchi haliwezi kuzuia vita. Lakini mtu unayekaa naye kivulini kila wiki unamjua kwa jina, unamjua na mtoto wake, na siku uvumi unapozuka una wa kumuuliza.

Kwa hiyo naiomba kamati mambo matatu. Paa lirefushwe hatua nne mbele ya mlango, ili foleni isinyeshewe. Chini yake yajengwe mabenchi mawili ya zege yanayotazamana, wala yasiegemezwe ukutani. Na bomba la maji liwekwe karibu na mabenchi hayo, si nyuma ya jengo, ili anayekuja kunawa mikono akute watu. Mchango wangu wote uhesabiwe kwenye kazi hiyo. Tena naomba ramani isipitishwe kabla akina mama hawajaulizwa, kwa kuwa ndio wanaongoja lori, na ndio wanaojua mahali jua linapopiga saa nane.

Wenu,
Binti wa Sotik, Minneapolis