Kompyuta za Baiskeli: Mimi Nasema Zenye Waya

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu ubishi uliozuka katika chama chetu cha waendesha baiskeli. Tumechanga pesa za kununua kompyuta za kufunga kwenye usukani, na wenzangu wengi wanataka zile zinazosoma setilaiti. Kipya kinyemi, ingawa kidonda! Mimi nasema tununue zenye waya.

Hebu tukitazame kifaa chenyewe. Unafunga sumaku ndogo kwenye spoki ya gurudumu la mbele na kihisi kwenye uma. Ndani ya kihisi mna vijibati viwili vyembamba, na kila sumaku ikipita hugusana na mzunguko mmoja kuhesabiwa. Gurudumu la baiskeli ya mashindano likizunguka mara moja huenda mita 2.1 hivi, kwa hiyo mizunguko 1,000 ni kilomita 2.1. Ni hesabu ya shule ya msingi, basi! Kwa kuwa kazi ni ndogo, betri bapa ya CR2032, ile mfano wa sarafu, huweza kudumu mwaka mzima au zaidi.

Sasa hizo za setilaiti. Garmin Edge 530 iliyotoka 2019 iliahidiwa kudumu hadi saa 20, kisha irudi kwenye chaja. Mtanijibu eti Edge 1040 Solar ya 2022 husaidiwa na jua. Kweli, lakini ilipotoka iliuzwa karibu dola 750 za Marekani. Jamani, hizo si ndizo pesa za baiskeli yenyewe na chenji ikabaki? Na sisi wa bwenini tutachajia wapi? Soketi hatuna, na stima hupotea siku ile ile unapoihitaji. Ukitaka pia kupima mapigo ya moyo na kasi ya miguu, utaongeza vihisi visivyo na waya, kila kimoja na betri yake, na kila betri ina siku yake ya kufa.

Isitoshe, Julai 2020 wahalifu wa kompyuta waliishambulia kampuni ya Garmin, na huduma ya kuhifadhi safari za waendeshaji ikazimika kwa siku kadhaa. Sumaku yangu haina habari na mambo hayo.

Kuna wanaonitajia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kushinda Tour de France mara nne. Naam, alizoeleka kuinamisha macho kwenye skrini hata mlimani. Lakini nyuma yake lilikuwa gari la timu lenye fundi na vipuri. Nyuma yetu kuna nani?

Waya una maradhi yake, sikatai. Katika barabara zetu za muramu sumaku huzunguka kwenye spoki, ikiwa mbali kidogo tu na kihisi, skrini inasoma sifuri. Waya pia hukatika. Lakini huo ni ugonjwa unaouona kwa macho, na sumaku unairudisha kwa kidole.

Kwa hiyo mkutano ukikaa, nitapendekeza kompyuta zenye waya na betri mbili za akiba kwa kila moja. Pesa zitakazosalia zinunue tyubu na viraka, maana sanduku letu la vifaa limebaki na gundi tu, nayo imekauka.